Sekunde Mbili za Baba

Mpendwa Bi Arlene,

Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana jambo hili nimelibeba tangu Juni na hapa mjini sina wa kumwambia, kila mtu ni shabiki wa Kambare, timu yetu ya besiboli, na mimi ndiye ninayebonyeza saa yao.

Namaanisha ile saa ya mrushaji. Watu hudhani inajiendesha yenyewe, kumbe kuna mtu, nimekaa juu kwenye kibanda nyuma ya mpigaji, mrushaji akishaupata mpira nabonyeza, sekunde kumi na tano kama hakuna mkimbiaji, kumi na nane kama yupo, na zikiisha kabla hajarusha basi mpigaji anazawadiwa mrusho mmoja bure, na mpigaji naye akiwa hajajiweka sawa zikibaki nane, anaandikiwa kosa yeye. Ndiyo kazi yangu ya kiangazi, miezi mingine nauza miwani.

Baba yangu hukaa chini ya kibanda, safu ya sita, kiti kilekile tangu nikiwa na miaka saba, na karatasi yake ya mechi na penseli, anaandika kila mrusho kwenye visanduku vyake vidogo. Mimi alinifundisha hapohapo, Jumapili mchana, harufu tamu ya mahindi ikitujia kutoka kiwandani na upepo wa mto, mrushaji anazunguka, anafuta jasho, anaokota udongo, anautupa, mpigaji anafungua glavu anaifunga tena, hakuna kinachotokea, na ndani ya huo muda ambao hakuna kinachotokea ndimo baba alimoniambia karibu yote ninayoyajua, alivyokutana na mama, kwa nini aliacha kwenda kanisani, unavyotambua kwa bega tu kwamba mrushaji amechoka. Nikifumba macho bado nauona ule mwanga juu ya nyasi, na sauti yake inakuja polepole, na ni kama hatutarudi nyumbani kamwe. Naumia sana nikiukumbuka.

Saa ilipoletwa, baba na rafiki yake mzee Gus waliichukia vibaya. "Hiyo si ya kuchemshia mayai hiyo?" Gus alinipigia kelele siku ya kwanza. "Tumekuja kutazama mpira au kuwahi treni?" Baba akamjibu, "Nyamaza bwana, mchemsha mayai ni binti yangu." Wakacheka, nikacheka.

Halafu mwaka jana baba akapigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukawa mzito. Aprili hii alirudi uwanjani kwa mara ya kwanza, akaandika mrusho mmoja, wa pili ukawa umeshapita, akafuta, wa tatu ukapita, na mechi haijafika hata nusu akaikunja karatasi akaikalia, akabaki ameweka mikono mapajani. Nilimwona kutoka juu, Bi Arlene.

Juni nikaanza kuchelewa kubonyeza. Pumzi moja tu, sekunde moja, mbili, pale nikiona bado ameinamia karatasi. Hakuna aliyegundua. Siku hiyo alijaza visanduku vyote, akapanda ngazi na mkongojo wake hadi kibandani, amenyoosha karatasi mbele yangu. "Tazama! Vyote! Daktari alisema mkono haurudi, haya, umerudi au haujarudi?" Nikasema umerudi, baba. Tangu hapo ameacha kwenda mazoezi ya mkono, anasema mtu aliyepona anafuata nini kule.

Jumapili iliyopita tulikuwa mbele kwa pointi moja, raundi ya mwisho, wageni wamebakiza mtu mmoja wa kutolewa, na mkimbiaji wao yuko kituo cha kwanza. Colby, mrushaji wetu, alishamtishia mara mbili kwa kuutupa mpira kituo cha kwanza, na unajua siku hizi mara ya tatu lazima umtoe, ukishindwa anapewa kituo cha pili bure. Kwa hiyo mkimbiaji alikuwa anajitenga na kituo hatua nne, tano, atafute kuiba cha pili, macho kwa Colby, anahesabu kichwani, maana wote wanajua saa ikikaribia sifuri mrushaji hana ujanja, atarusha tu. Lakini Colby alipoupata tu mpira, baba alikuwa ameangusha penseli, anaipapasa chini ya kiti, nami nikangoja mpaka akaipata ndipo nikabonyeza. Mkimbiaji alihesabu sawasawa, akachomoka kwa wakati wake, kumbe Colby bado ana sekunde mbili zangu mkononi. Akageuka, akatupa kituo cha pili, kijana wa watu akatolewa, mechi ikaisha, uwanja mzima ukaruka. Nilipokuwa naelekea kwenye gari nilimsikia yule mkimbiaji akimwambia kocha wake, "Nilihesabu sawa, naapa nilihesabu sawa," na kocha anamwambia, "Basi kajifunze upya, shule ya chekechea ipo."

Nikiacha, baba atajua mkono haukurudi. Nikiendelea, mimi ni mwizi. Nifanye nini?

Mwenye Kidole Kizito

*

Kidole Kizito,

Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimelia, kisha nikakukasirikia. Wacha nianze na hasira.

Yule kijana alihesabu sawa na akatukanwa mbele ya wenzake kwa kosa lako. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba umemfanya baba yako aache mazoezi. Mkono unaoweza kupata nafuu kidogo unakaa bure kwa sababu binti anaogopa kuona uso wa baba ukihuzunika. Hiyo unaiita huruma? Mimi naiita woga, na wewe si mtoto.

Halafu hiyo saa unayoisingizia. Mimi naipenda, niseme tu. Zamani nilikuwa natoka uwanjani mgongo umekufa, mume wangu ameshakula soseji tatu na kulala mara mbili. Sasa mkimbiaji anathubutu, mrushaji anafikiri haraka, nami nafika nyumbani nikiwa bado na hamu ya kupika. Najua nusu ya mji huu hawanisalimii kwa kusema hivyo. Lakini ule mchana unaoulilia haukuchukuliwa na saa, mpenzi wangu. Baba yako alikuwa anaongea kwa sababu ulikuwa umekaa kando yake. Uliondoka kwenye kiti, ukapanda kibandani, ukaanza kumpenda kwa kidole. Kati ya mrusho na mrusho bado kuna sekunde kumi na tano. Mwanamume wa hapa Iowa anahitaji ngapi kusema jambo la maana? Tano zinamtosha, na kumi za kulionea haya.

Sasa sikiliza. Kamwambie mkuu wako ulichofanya, kabla hajakuuliza. Akikufukuza, sawa. Akikusamehe, omba Jumapili akae mtu mwingine kibandani. Mpigie mtu wa mazoezi uweke miadi, na umpeleke baba mwenyewe. Jumapili kaa safu ya sita. Usimshikie penseli mpaka aombe, na akiacha kisanduku kitupu, kiache kitupu. Wapo waliokosa mirusho mingi kuliko yeye wakiwa na mikono miwili mizima, mume wangu ni mmoja wao.

Na kabla ya yote hayo, mwambie baba. Kwa mdomo wako, mezani kwake, asubuhi, kahawa ikiwa bado ya moto. Atakasirika. Huenda akakaa siku mbili bila kukujibu. Aliyekuzaa anaruhusiwa.

Umejificha nyuma ya jina la kubuni, lakini mbonyeza saa mjini hapa ni mmoja, na baba yako husoma safu yangu hii gazetini kabla hajafungua ukurasa wa michezo. Aliniambia mwenyewe kwenye foleni ya posta. Wewe ulilijua hilo ulipobandika stempu. Ndiyo maana uliniandikia mimi.

Nakala ya jibu hili nimekutumia leo Ijumaa. Gazeti linatoka Jumatano asubuhi. Nenda kwa baba yako.

Arlene Voss