Mikono Iliyoshika Bango

Jumatatu, 3 Machi

Zahanati imefungwa saa tisa alasiri, kama kawaida. Saa kumi na nusu fundi cherehani wa pale kona kaja na mtoto mgongoni, homa imempanda — kakuta kufuli! Mimi nilikuwa nimebaki kupanga kadi za wagonjwa. Karani tu. Ningempa nini, kadi? Wameondoka kwa miguu kwenda hospitali kuu.

Nimerudi nyumbani nafoka. Nimeandika hoja yangu ya ilani ya chama, mistari mitatu: zahanati iwe wazi hadi saa mbili usiku, zamu mbili. Basi. Tawi linapiga kura Jumamosi, na hoja moja tu ndiyo itapita.

Jumatano, 5 Machi

Binti wa dada yangu ndiye kiongozi wa vijana tawini. Tunamwita Spika, kwa ile sauti. Naye ana hoja: HOSPITALI KILA MTAA! Nikamuuliza itafunguliwa lini. Akasema nina roho ya karani, na kwamba hakuna mtu anayeingia barabarani kupigania saa za kufunga mlango. Mke wangu kacheka mpaka kakohoa. Sikupenda.

Kinachoniudhi zaidi — hata mimi hiyo hospitali naitaka. Nani asiyeitaka?

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda! Thelathini na moja kwa ishirini na nne!

Baadaye. Chakula hakipiti. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu wa udereva, hataki fujo: anahesabu mkono mtupu ulionyooshwa, akiunyooshea rula, mmoja mmoja. Zamu ya hoja ya Spika ilipofika, vijana kumi na mmoja kule nyuma wakanyanyua bango lao la kitambaa. Mikono yote juu, imeshika bango! Wakadhani hiyo ndiyo kura. Rula ikawapita.

Mimi ndiye katibu wa tawi. Niliwaona. Nikaandika ishirini na nne.

Ongeza kumi na mmoja. Thelathini na tano. Nimeshindwa, jamani.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nimekwenda kwa mwenyekiti. Kaniambia niache kuchokonoa, mshindi halalamiki. Nikamjibu kwamba muhtasari naandika mimi, na nitaandika nilichoona. Kanikazia macho kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake aliyegonga nguzo. Mwisho kakubali: kura irudiwe Jumanne, mabango yabaki nje.

Spika nimemwambia mwenyewe. Kanivuta kando ya mlango. Kisha:

"Mjomba, ungekaa kimya tu. Nani angejua?"

"Ningejua mimi."

Mke wangu anasema nimejipalia makaa. Kweli kabisa. Lakini leo nimekula sahani mbili.

Jumanne, 11 Machi

Thelathini na nne kwa thelathini na mbili. Kwangu!

Spika kanipinga mkono juu, macho kwenye macho. Safi. Lakini watatu kati ya wale wa bango wamehamia kwangu. Mmoja kanifuata mlangoni, kasema mama yake anauza sokoni mpaka jioni, na kila akifika zahanati anakuta kufuli. Hospitali ya mtaa anaitaka bado, kasema, ila mama ana presha mwaka huu.

Nimetoka nje nikalia kidogo. Si aibu.

Jumatano, 12 Machi

Spika kaja jioni baada ya kazi. Nikajiandaa kwa matusi. Wapi! Kaomba maji ya kunywa, kakaa, katoa hoja yangu mfukoni. Kaipigia mistari kwa wino mwekundu. Anasema kama chama kinamtaka aipigie kelele mitaani, lazima aielewe kwanza, asije akaulizwa akababaika.

Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia:

"Mjomba, zamu ya pili inataka wauguzi wawili. Tunao?"

Watu sitini na sita wamepiga kura mara mbili, hakuna aliyeuliza hilo! Moyo umenijaa. Nikamwambia yule muuguzi mstaafu, jirani yetu, keshakubali. Kaandika. Kaniuliza wa pili ni nani.

Nikasema ngoja niangalie kwenye daftari. Ndilo hili ninaloandikia. Kalamu yake iko tayari, ananitazama. Naandika polepole ili adhani natafuta jina. Jina sina —