Mbegu Zisizo na Baba

Baba Neema,

Sikuulizi hali. Wewe umelala, mimi ndiye niliyeachiwa kazi, kwa hiyo wa kuulizwa hali ni mimi. Nakuandikia mezani jikoni, na mwandiko ni huu huu wa darasa la nne uliokuwa ukiucheka. Cheka tu. Nina habari, na ukiisikia utanyamaza.

Bangi yako imezaa.

Ndiyo, ile bangi. Ile niliyosema haiingii nyumbani kwangu, nikakuuliza kama huoni haya, mzee wa kanisa, unafuga bangi kama vijana wa kijiweni. Nawe ukanijibu kwa ule upole wako wa kuudhi: "Mama Neema, hapa Toronto serikali imeruhusu miche minne kila nyumba, na mguu unaouma ni wangu, si wako." Ukapanga ndoo zako nne kwenye kabati la makoti pale mlangoni, ukafunga taa inayojiwasha na kujizima, ukaanza kunikemea kila nikigusa kitasa. "Funga mlango, wamelala!" Wamelala! Watoto uliozaa mwenyewe hukuwalindia usingizi namna ile.

Siku ulipotutoka, Neema alihangaika kuficha aibu kabla watu wa kanisa hawajafika na masufuria yao. Unamjua mwanao, anaogopa maneno ya watu kuliko moto. Ndoo tatu alizishusha mwenyewe kwenye takataka za jengo. Ya nne hakuiona. Ilikuwa nyuma ya koti lako jeusi la baridi, ulilotundika humo humo kwa uvivu wa kulipeleka chumbani. Niliikuta msiba umekwisha, inachanua kama vile haijaambiwa kwamba mwenyewe hayupo.

Neema akasema, "Mama, tupa hiyo kitu, please." Nikamwambia aanze kunitupa mimi. Kilikuwa kitu cha mwisho ulichopanda kwa mkono wako. Nikaona ikifa hii, basi na wewe ndiyo umekwisha kabisa.

Nikaitunza. Maji kwa kipimo, taa kwa saa zake. Ila jioni, Baba Neema. Jioni nyumba ilikuwa kimya mno. Nilikuwa nafungua kabati nanusa koti lako. Kidogo tu. Nafunga, naenda kugeuza mboga, narudi nafungua tena. Na mche wako ndio kwanza umelala.

Mche ukachanganyikiwa. Katikati ya maua yake kukatoka vitu vya manjano, vidogo, vimejipinda kama ndizi za kuchezea mtoto. Nikadhani ni ugonjwa. Nikamwita rafiki yako Papa Sifa, yule Mkongo wa ghorofa ya juu aliyekufundisha upuuzi huu wote. Akavua miwani, akavaa miwani.

"Ah non, Mama Neema. Huyu alikuwa mwanamke. Sasa iko mwanamke na mwanaume pamoja. Ukimusumbua na mwangaza wakati wa giza, anafanyaka hivi. Nani alifungua mulango?"

Nikamwambia hii ni nyumba yangu, milango nafungua ninavyotaka. Na kosa ni lako wewe. Nani alikutuma utundike koti mle ndani?

Basi ule unga wa vindizi ukaangukia maua ya mche ule ule. Ukajizalisha wenyewe, bila bwana. Nilipoyakausha maua nikazikuta mbegu, za kahawia zenye madoadoa, nzuri ajabu. Papa Sifa akasema nitupe, ninunue nyingine dukani. Za dukani si zako, nitazifanyia nini?

Nikamkumbusha mambo ya mapapai. Kule kwetu Muheza mama yangu alikuwa anapanda mbegu tatu shimo moja, kwa sababu papai hulijui ni dume au jike mpaka lichanue, na dume likijionyesha linang'olewa. Lakini zile mbegu zina baba. Hizi baba yao ni mama yao, na mama yao alikuwa jike. Udume utatoka wapi?

Papa Sifa akakuna kidevu. "Dume utakosa, ni kweli. Lakini ile tabia ya mama yao ya mbili mbili, watoto wataipata." Tukawekeana dau: nyingi zikitoka za mbili mbili, nampikia pilau, nyingi zikitoka jike, yeye ananiletea sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Nikapanda nne, kwa sababu sitaki polisi mlangoni.

Ungeniona! Mimi niliyekuwa naziba pua, nimeinama kabatini na miwani yako, nachungulia vifundo vya mashina kama mkunga. Jike linatoa nywele mbili nyeupe, dume linatoa vifuko kama pilipili manga. Wa kwanza, nywele. Wa pili, nywele. Wa tatu, nywele! Nilipiga kigelegele, jirani akagonga ukuta. Wa nne nao nywele, nikaagiza sombe yangu.

Kumbe furaha ya mapema. Maua yalipojaa, wa nne akatoa kindizi.

Papa Sifa akaja mbio. Akasema nikiuacha, unga wake utawazalisha na wenzake, maua yote yatakuwa mbegu tupu. Nikamuuliza, ni damu ya mama yao au ni mlango? Akatazama koti lako, bado limetundikwa mle mle. Akanitazama mimi. Mshenzi yule! Angesema, ningemjibu.

Wa nne nimeukata kwa mkono wangu. Kisha nikalitoa koti, nikalivaa papo hapo ili nisipate nafasi ya kulirudisha, na Jumapili nikaenda nalo kanisani. Baba Neema! Kanisa lilipopata joto, koti nalo likaanza kusema. Kwaya nzima inanusa. Mama mchungaji akageuka, akageuka tena. Baada ya ibada akanivuta pembeni, nikawa nimeshapanga matusi yangu vizuri, akaninong'oneza: "Bibi, una ya kuchua magoti?" Nimempikia ya mafuta ya nazi. Sasa wananipungia mkono mpaka wale waliokuwa hawanisalimii.

Miche mitatu imekauka salama, haina mbegu hata moja. Sombe nimekula, chumvi ilizidi. Mbegu zako nyingine nne nimeshazipanda, zilizobaki nimeziweka kwenye kichupa chako cha dawa. Kila kinachotoka cha mbili mbili nitakiondoa, na kizazi chako kitaendelea, Neema apende asipende.

Koti liko nyuma ya mlango wa chumba chetu. Hapo ndipo lilipotakiwa kuwa tangu mwanzo, lakini wewe ulikuwa husikii. Nikitaka kulinusa nanusa, simwamshi mtu.

Taa ya kabati imejizima sasa hivi, nimesikia kitufe kikilia. Sijainuka kwenda. Nakuahidi sitainuka mpaka asubuhi.

Lala, mume wangu. Mlango nimefunga.

Mama Neema