Mwenyekiti Hajaingia

Jumatatu, 3 Machi

Wamekuja tena. Matuta yote ya upande wa bondeni yamefumuliwa kama godoro bovu. Viazi vilikuwa havijafika hata unene wa kidole gumba! Na hawali wakamaliza, hilo ndilo linaloniuma. Wanang'ata, wanatema, wanahamia tuta jingine. Nguruwe pori hawa hawana hata adabu ya mgeni mezani.

Mama kapita na ndoo akiokota vilivyobaki, anachechemea. Juzi alitoka peke yake gizani kwenda kuwafukuza kwa kupiga debe, akateleza mferejini. Goti bado limevimba. Habari za goti zimeshamfikia kaka mjini. Nani kampelekea? Mdomo wangu huu.

Kapiga simu jioni. Amri, si mazungumzo. Nguruwe wakiendelea mpaka mwisho wa mwezi, anakuja kumchukua Mama akaishi kwake. Ghorofa ya nne. Nikamwuliza atalima nini huko. Akasema kuna roshani. Roshani!

Nilipomwambia Mama alicheka, kisha akaacha kucheka. Kasema hapa haondoki. Mimi pia sitaki aondoke. Tangu niachike tumebaki wawili, cherehani yangu barazani na shamba lake nyuma, na nyumba isiyo na mtu wa kunigombeza asubuhi siiwezi.

Kwa hiyo nimepatana na kaka: nguruwe wakiisha kabla ya mwezi kwisha, mambo ya kuhama hatayataja tena. Kakubali shingo upande.

Jumatano, 5 Machi

Tuliyojaribu mpaka sasa. Nywele za kinyozi, gunia zima, tumezimwaga mpakani — Mama anaamini harufu ya binadamu itawatisha. Wamezikanyaga wakapita. Pilipili na samadi kavu, tukachoma. Upepo ukageuka, tukakohoa sisi.

Kaka naye katuma kwa basi kidude cha sola kinachomulika na kupiga kelele. Siku ya kwanza walitimka. Ya pili wakakisogelea. Leo nimekikuta kimefukiwa pamoja na mabaki ya viazi, bado kinalia tii, tii, tii chini ya udongo. Nimekinyamazisha kwa teke. Kaka akiuliza, kimeharibiwa na nguruwe.

Ijumaa, 7 Machi

Leo tumevamiwa na Kanali. Ni jirani tu, alikuwa mlinzi wa ghala, ukanali kajipa mwenyewe. Kaja na mbwa wake wote na mkuki, katoa hotuba, kisha wakazama kwenye kichaka cha bondeni. Kelele! Vumbi! Mimi na Mama tumesimama juu ya meza ya kufulia kama watu wanaosubiri mafuriko.

Matokeo: hakuna nguruwe hata mmoja. Mbwa kachanwa paja. Na aliyemshona ni mimi, eti kwa sababu ni fundi. Nikamwambia Kanali mimi nashona magauni. Akasema, "Uzi ni uzi, fundi."

Nimemshona. Mbwa kavumilia kuliko wateja wangu wengi.

Jumatatu, 10 Machi

Bwana wanyama kaja, yule wa ofisi ya wanyamapori niliyekuwa nikimfuata wiki nzima. Nilitarajia bunduki. Kaja na futi ya kupimia na pikipiki isiyowaka mpaka isukumwe.

Kaeleza taratibu, nami nilikuwa nachemka. Kuwapiga risasi mmoja mmoja, anasema, ni kuwatawanya. Mbwa ndiyo kabisa. Wanahama siku mbili, wanarudi wajanja zaidi. Sumu marufuku, itamaliza mbwa na ndege kabla ya nguruwe. Kinachofaa ni zizi: nguzo, wavu wa chuma, na geti la kushuka linaloshikiliwa na pini yenye kamba ndefu. Ndani unamwaga mahindi yaliyochachuka. Geti unaliacha wazi. Wanakula, wanaondoka, kesho wanarudi. Humgusi mtu. Siku kundi zima litakapokuwa ndani, na hasa yule jike mkubwa anayewaongoza, ndipo unavuta. Ukivuta mapema, waliobaki nje wameshajifunza, na kuwakamata usahau.

Nikamwuliza, yaani niwalishe? Ndiyo. Mpaka lini?

"Mpaka wapaone ni kwao."

Mama alikuwa anachambua mboga hapo pembeni. Kainua macho akamtazama yule kijana kwa muda, kisha akaendelea na mboga zake.

Ijumaa, 14 Machi

Zizi limesimama. Kanali kasaidia kuchimba mashimo ya nguzo, akitoa amri zaidi ya udongo. Kamba inapita juu ya nyasi mpaka kwenye banda la kuku la zamani, ndipo patakuwa pa kuvizia. Ndani mna nafasi ya watu wawili wasiopumua sana.

Mahindi yanachacha kwenye pipa karibu na baraza. Hakuna sehemu nyingine yenye kivuli. Harufu! Bibi harusi kaja kujaribu gauni, kanusa mkono wa gauni, kaninusa na mimi. Nimesema ni wanga wa kupigia pasi. Kaondoka kanuna, na kesho namfulia gauni zima upya.

Jioni kaka katuma picha kwenye simu. Chumba kipya cha Mama. Kitanda, pazia la maua. Eti nimwoneshe tu, bila kumlazimisha.

Nimemwonesha. Kasema pazia zuri.

Jumatatu, 17 Machi

Wanakula! Wameanza kuja mapema, jua halijazama, hawana hata aibu. Wadogo wanaingia kwanza wakisukumana. Kisha majike wengine. Mwisho kabisa yule mkubwa, sikio moja limepasuka. Anazunguka zizi lote, ananusa kila nguzo, anasimama mlangoni akikagua wenzake kama wanasaini mahudhurio. Nimempa jina Mwenyekiti. Leo kaingiza kichwa tu. Kala punje mbili tatu, karudi nyuma.

Mama anaumia. Mwanamke aliyewafukuza maisha yake yote, leo anakaa kimya anawaona wakitafuna mahindi kwake! Mikono inamwasha. Nimelificha debe juu ya kabati, kalipata. Nimelificha kwa Kanali.

Kaka katuma picha nyingine. Kiti cha kuegemea, chenye pa kuwekea miguu. Kasema Mama aje siku mbili tu akipime.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeharibu kila kitu.

Nilikuwa bandani peke yangu, Mama kaenda kliniki. Mchana kutwa nimegombana na bibi harusi, na kaka kapiga simu kunikumbusha tarehe, kama vile sina kalenda. Nikakaa pale kwenye ndoo, kamba mkononi, nawatazama wakila. Midomo ile! Utafunaji ule! Wadogo watatu walikuwa ndani, wengine mlangoni, Mwenyekiti kasimama nje kabisa anatazama. Nilijua. Kila neno la bwana wanyama nilikuwa nalo kichwani. Nikavuta.

Geti limeshuka kwa kishindo. Watatu ndani wanapiga mayowe. Wengine wote wameyeyuka. Mwenyekiti hakukimbia mara moja. Kasimama akaliangalia geti, juu mpaka chini, kisha kageuka na kwenda zake.

Mama karudi na mfuko wake wa dawa, akanikuta nalia. Hasira, si huruma. Hakunigombeza. Kaninyang'anya kamba, akaikunja vizuri, akaenda kuiweka chumbani kwake. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 23 Machi

Hawaji. Mahindi yanaliwa na ndege. Kule kwa Kanali wameshafumua mihogo, na Kanali haniamkii.

Bwana wanyama kawabeba wale watatu kwa gari la ofisi. Hakunilaumu, ila kavuta pumzi kwa namna ambayo nimeisikia mpaka kwenye visigino. Kasema geti litolewe kabisa. Lisionekane. Tuanze upya, mahindi tumwage nje kwanza, kisha mlangoni, kisha ndani. Na kamba akae nayo mwenye moyo mgumu. Kamtazama Mama.

Usiku kaka akapiga ya picha, simu ya kuonana uso kwa uso, anamzungushia Mama chumba kizima. Kile kiti. Redio. Roshani, na ndoo tatu za udongo tayari kwa ajili ya mchicha. Anaongea kwa upole ambao sijausikia tangu tukiwa wadogo. Aje wiki moja tu, apumzike, akichoka anarudishwa. Mlango uko wazi wakati wote.

Mama kamshukuru, kamwombea heri, kanirudishia simu. Kisha kasema, "Kaka yako ananiwekea mahindi."

Nimecheka mpaka nimeshika mbavu. Yeye hakucheka.

Jumatano, 26 Machi

Wamerudi! Kwanza wadogo, usiku wa jana. Leo wote, jioni mapema. Kwenye zizi lisilo na geti wanaingia na kutoka kama sokoni. Mwenyekiti kafika hadi nguzo za mlango. Kazinusa pale geti lilipokuwa. Kazinusa tena. Karudi nje kula punje za ndege.

Mama anamtazama kupitia tundu la banda bila kupepesa. Kaniambia, "Huyo si mwoga. Anafikiri." Kaongea kama anamsifu mkwe.

Mimi? Mimi nimechoka mpaka basi. Siku zinakwisha.

Ijumaa, 28 Machi

Bwana wanyama na Kanali wamerudisha geti mchana. Wamelipaka matope lisinuke chuma. Kanali kaniamkia.

Kaka kapiga simu, safari hii kwangu mimi tu. Anakuja kesho jioni kumchukua Mama, ile wiki moja. Nikamkumbusha mapatano. Akasema mwezi umeshakwisha, mdogo wangu, tusidanganyane. Kisha akanitajia vya kupakia. Nguo za baridi. Kadi zote za kliniki, hata za zamani. Cheti cha kuzaliwa. Miwani ya akiba.

Nikamwuliza, kwa wiki moja? Kasema akishafika atazoea, mimi nisiseme kitu, nisimpe wasiwasi. Kasema pia goti lile siku nyingine litakuwa nyonga, na mimi niko peke yangu hapa, nitambeba na nani? Si mtu mbaya, kaka. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Mama kasema wiki moja haina neno, ataenda, mradi kesho jioni aachwe kwanza na nguruwe wake. Nimepakia. Kadi nimezitia chini kabisa, ndani ya sweta.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika bandani, kwa penseli, kwa sababu nimekatazwa kuongea. Jua liko juu ya kichaka. Mama kakaa kwenye ndoo, mguu mbaya kaunyoosha mbele, kamba kaizungusha kwenye kiganja mara moja. Mara moja tu, kasema, isije ikamvuta yeye.

Wamekuja. Wadogo ndani. Majike ndani, wote, hata yule kilema anayechelewa. Wanatafuna, nasikia mpaka hapa. Mwenyekiti yuko nje, anazunguka.

Nimemnong'oneza avute. Wote hao! Kaka akiwakuta zizini atakosa la kusema, mapatano ni mapatano. Kasema bado. Huyo akibaki nje, mwakani ataleta kundi jingine.

Kafika mlangoni. Miguu ya mbele imeingia. Ya nyuma bado. Kainua pua juu, kule liliko geti.

Gari. Nalisikia kwenye kona ya kisima. Ni la kaka, ile ekzosi naijua. Wadogo wameacha kutafuna.

Mama, vuta! Nimemwonesha kwa mikono, nimeandika hapa kwa herufi kubwa VUTA nikamwonesha. Hata hajasoma. Anamtazama Mwenyekiti, na bila kugeuka kaniuliza polepole:

"Kadi za kliniki umepakia?"

Nimeshindwa kudanganya. Nimeitikia.

"Zote?"

Zote.

Katikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeletewa hesabu aliyokuwa anaijua. Gari limezima. Mlango wake umefungwa. Wadogo wanaanza kuzunguka ndani ya wavu, bado hawajakimbia, wanamsubiri mkubwa wao. Naye yuko pale pale, nusu ndani, nusu nje. Nimeikamata kamba chini ya mkono wa Mama. Kanipiga kofi la vidole, jepesi, kama nilipokuwa mtoto nikigusa chungu.

"Mwache aamue mwenyewe."

Kaka anaita kutoka uani. Mama! Mama, nimefika! Sauti ya upole ile ile ya kwenye simu. Sasa anakuja upande huu, nasikia viatu vyake kwenye mabua.

Kamba haijakaza. Mama hajaitika.