Kibaraza cha Baba Mdogo

Mama, shikamoo.

Baba mdogo Magesa hahami. Mhandisi wa mradi ametuambia hivyo leo mchana, mabega yamemlowa.

Unajua wenye maduka wa katikati ya Mwanza wameungana na jiji kuijenga upya mitaa yao. Mchoro wa kwanza uliziba kwa vioo kibaraza cha duka la vitenge, ambako Baba mdogo ameweka cherehani yake miaka yote. Mama Pendo, mwenye duka, akagoma kutia saini.

"Mteja wangu ananunua kitenge, anageuka, anapimwa hapohapo," alimwambia mhandisi. "Ukimwondoa fundi, umeniondolea mteja."

Mhandisi akasema vioo vinapendeza.

"Na vinashona?" Baba mdogo aliuliza, macho kwenye sindano.

Hapo mvua ikaingia kutoka ziwani. Mtaa mzima ukakimbilia kibarazani, mhandisi naye, mchoro kifuani. Mvua ilipokatika, wanawake wawili waliokuja kujikinga tu walikuwa wameshanunua vitenge, na mmoja alikuwa anapimwa kiuno. Mhandisi alitazama, akaomba kalamu, akavifuta vile vioo kwa mstari mmoja.

Baba mdogo amemaliza sato mzima na ugali wa muhogo. Tangu nifike alikuwa anadonoa tu. Kile chumba ulichomfagilia weka mahindi, na wewe sasa upate usingizi. Mchoro uliorekebishwa unaletwa Jumatatu, na Mama Pendo atatia saini palepale kibarazani.

Mwanao,
Neema