Kaburi Lako Limeota Kabichi

Laini za kahawa, Ruiru

Kwako Marita, mama Yohana,

Uko namna gani huko Maragoli? Goti la kushoto linasemaje siku hizi? Na yule ng'ombe mwekundu, bado anakupiga teke ama mmepatana? Mimi ni mzima. Meno yamebaki manne, lakini yanafanya kazi ya yote. Mwalimu anayekusomea barua hii namsalimu pia, na namwomba asome kama nilivyoandika, asikohoe mahali ninapojisifu.

Jua basi kwamba mumeo sasa ni mwenye shamba. Nina ekari kumi za mboga hapa Ruiru, na Mzungu mwenyewe akipita ananivulia kofia.

Haya, mwalimu akimaliza kucheka nitasema kweli. Nina matuta matatu nyuma ya chumba changu, na yule Mzungu hajui kama niko duniani. Lakini hayo matuta usiyacheke, mama Yohana, maana wewe ndiye uliyeyaanzisha. Ulipokuja kunitembelea ulikaa wiki mbili, ukasema, "Ezekieli, mahali ambapo hata jani la kunde linanunuliwa mimi siwezi kukaa. Siku utakayopanda mboga yako, nitakuja." Ukafunga mzigo, ukaenda stesheni kabla ya kengele ya kazi, hukuaga mtu. Maneno hayo yaliniingia kama siafu ndani ya suruali. Nikachukua jembe.

Kumbe udongo hapa nyuma ya laini, hivi vyumba vyetu vya wafanyakazi, ni kina cha kiganja tu, chini yake ni changarawe na mawe. Jembe linalia, na mgongo wangu unaitikia. Sasa, mwaka huu wameng'oa kahawa kuukuu, na visiki vilikuwa vimerundikwa karibu na mashine ya kumenyea kahawa vikingoja kuchomwa moto. Nikakumbuka lile gogo lililoozea mpakani kwetu, jinsi maboga yaliyotambaa juu yake yalivyokuwa mabichi hata kiangazi. Nikamwomba nyapara wetu, Mkamba mmoja anaitwa Mutuku, anipe visiki. Akasema, "Chukua, mzee, ukajipikie huko mbinguni."

Nilichimba kwa mtaimbo kila jioni baada ya kazi, mpaka shimo likafika magotini. Visiki vinene nikalaza chini, matawi juu yake, halafu majani na maganda ya kahawa, halafu samadi, halafu udongo niliobeba kwa karai kutoka mtoni. Tuta likainuka mpaka kiunoni, nipalilie nikiwa nimesimama kama bwana. Kabichi za kwanza zilitoka manjano kama mtu wa malaria. Mti ambao haujaoza vizuri unakula wa kwanza, mboga inangoja makombo. Nikaongeza samadi, nikapanda tena. Mimi nishindwe na kisiki? Thubutu.

Shida ilitoka mdomoni mwangu. Kwetu mtu akifa tunamzika hapo hapo karibu na nyumba, na watoto wanacheza juu ya kaburi. Wakikuyu wa hapa siyo hivyo, maiti kwao ni kitu cha kukimbia. Na mimi nimeinua kitu kirefu kama mtu hatua tatu kutoka kitandani! Jirani yangu Nyambura, mama mzee mchuma kahawa, alikuwa ameanza kupita njia ya mbali. Siku moja akapata nguvu ya kuuliza, kikapu kichwani.

"Ezekieli, ni nini umelaza hapo?"

"Ni mke wangu. Alikataa kupika."

"Uui! Ngai!"

"Polepole, utamwamsha."

Kikapu alikiacha pale pale. Na kwa vile hakuna mtu aliyekuona ukiondoka, habari ikafika Thika kabla sijamaliza kucheka. Siku hizi za Hali ya Hatari, askari wakisaka silaha na maiti kila mahali, mtu aliyechimba shimo refu hapewi nafasi ya mzaha. Kesho yake Mutuku alikuja na askari wawili wenye bunduki.

"Mzee, mke wako yuko wapi?"

"Maragoli."

"Nani alimwona akienda?"

"Miguu yake."

Hawakucheka. "Fukua," akasema mmoja.

Nikafukua lile tuta zuri, kabichi zimeanza kufunga. Haki ya Mungu, ningefukua baba yangu nisingeumia vile. Ndani wakakuta visiki tu, vyeusi, vimelainika. Mutuku akakamua kimoja, maji yakamtoka kati ya vidole, na mvua hatujaiona wiki sita. Akakamua tena. "Mzee, hii inaweza kukubali nyanya?" Nikamwambia itakubali hata nyapara.

Askari walienda zao, nami nimelijenga tuta upya, kabichi nane zikapona. Lakini wanawake wa laini wanasema nilikuhamisha usiku, sasa uko katika tuta la pili. Nyambura aliyekuwa ananiletea uji ananipungia mkono kutoka barabarani. Mutuku ameniambia wazi: "Mimi nakuamini, mzee, lakini wanawake wote wa laini hawakuamini. Mwezi ukiisha na maneno haya yapo, nasawazisha matuta yako, najenga zizi la ndama." Hatasawazisha. Jana nimeanza kuchimba shimo la nne.

Nisalimie Yohana mwana wetu, mwambie miti ya mpakani aiache. Nisalimie dada yako Rasoa, mfinyanzi, na shemeji Petero mwenye baiskeli isiyo na breki.

Sasa, mama Yohana. Ule mwaka chungu cha pombe ya busaa kilipopatikana nyuma ya jiko lako, wiki ya mkutano wa kina mama, nani alisimama kanisani akasema ni chake? (Mwalimu, hapa soma kwa sauti ya chini.) Nilikalishwa benchi la nyuma miezi mitatu kwa ajili yako. Nakudai ushuhuda mmoja, tena mdogo. Panda gari moshi mwezi haujaisha, shuka Ruiru, ufike laini saa ambayo watu wametoka kazini. Simama kando ya tuta, unitukane kwa sauti yako ile.

Mimi mumeo, ambaye hapa wanamwita mjane,

Ezekieli