Kwa Jepkosgei, Aliyesoma Umri Ndani ya Mfupa

Hukuwa na mume. Hukuwa na mtoto, wala gari, wala ploti yako mwenyewe hapa Kiamunyi ambako siku hizi kila mtu anajenga ghorofa. Hukuwa na sauti ya kwaya. Hukuwa na subira na mtu anayesema "nasikia" mahali pa "nimeona". Mwaka umezunguka, Jepkosgei, tangu tukulaze kando ya ua wa michongoma, na bado wapo wanaoyataja uliyoyakosa kana kwamba ndiyo maisha yako yote. Leo tunataja uliyokuwa nayo. Anayetaka kusikia asikie, na asiyetaka pia asikie.

Ulikuwa na mikono isiyochagua kazi. Ulikamua ng'ombe kabla ya kwenda kazini. Ulimnyoa baba yako Kipngeno kila Jumamosi, ukimkaripia asitikise kichwa. Jirani akiugua, chupa ya kwanza ya uji kufika kwake ilikuwa yako. Chai yako ilizidi tangawizi na hakuna aliyethubutu kukuambia.

Kazi yako ya chuo kikuu ilikuwa kusoma mifupa ya nyani. Tunalisema wazi, wala hatuoni haya. Lori likigonga nyani kule Sachangwan, Oduor wa bodaboda alikupigia simu, nawe ukaenda kumchukua, kibali cha serikali kikiwa mfukoni. Kichwa kilikwenda maabara Nairobi, kwa sababu ya meno. Mikono na miguu uliifunga kwenye waya wa kuku ukaizika ukingoni mwa shamba, ili udongo na wadudu waisafishe bila kuikwaruza. Baadaye uliifukua ikiwa myeupe kama mihogo iliyomenywa. Mzee Hemed, mwenye duka la vyuma mjini, alichoka kukuuzia waya huo.

"Jepkosgei, hao kuku wako wanajengewa mji?"

"Wamekataa nyumba za kupanga, Mzee," ulimjibu. "Wanataka kwao."

Ulichokuwa ukikitafuta ulitueleza mezani, mfupa mkononi, mama yako Jepkemboi akikuomba angalau uuweke mbali na ugali. Ulisema mfupa unajua mwenye mfupa alikua kwa mwendo gani. Uliokua mbio umejaa vijitundu vya mishipa ya damu, kama mkate ulioumuka. Uliokua polepole umeshikamana, tabaka juu ya tabaka. Mwaka wa njaa huacha mstari. Ukasema nyani ana haraka: gego lake la kwanza la ukubwani huota hajatimiza hata miaka miwili, na mtoto wa mtu hungoja hadi karibu sita. Miisho ya mifupa ya mtoto hukaa kama vifuniko ambavyo bado havijakazwa, kwa sababu mfupa unaendelea kurefuka. Ukimaliza kurefuka, kifuniko na mfupa vinakuwa kitu kimoja. Kwenye kiwiko, nyani humaliza akiwa na miaka minne hivi. Binadamu hungoja mpaka abaleghe.

Mama yako akacheka. "Kumbe ndiyo maana mlikaa jikoni kwangu miaka yote hiyo!"

"Ndiyo, Mama. Sisi ni wanyama wa kulelewa."

Kisha homa ya mapafu ikakuchukua, kwa wiki moja tu.

Baba yako alitaka ulale mbele ya nyumba, chini ya dirisha lako. Mzee Hiram, mwenyekiti wa wazee wa mtaa, alikataa. "Binti ambaye hajaolewa hazikwi mbele ya mlango, Kipngeno. Analazwa ukingoni. Hiyo ndiyo desturi." Wazee wakaitikia. Baba yako alipokwenda mochari kukuleta, wakapima ukingoni wenyewe, na jirani yetu Bethwel na wenzake wakaanza kuchimba kaburi. Hivyo desturi ndiyo iliyowapeleka moja kwa moja hadi kwenye waya wako.

"Hii ni mtoto!" Bethwel alipiga kelele kutoka shimoni. "Wazee, kujeni muone! Huyu madam alikuwa anazika watoto!"

"Na kichwa iko wapi?" mwenzake akauliza.

"Si ndiyo hiyo sasa? Vichwa aliuza."

Gari lililokubeba lilipoingia langoni, nusu ya waombolezaji walikuwa njiani kurudi makwao. Baba yako alishuka, akapita katikati ya watu na suti yake nyeusi, akaomba apewe mfupa wa mkono. Akaupangusa kwa leso.

"Bethwel, njoo hapa. Huu ni mfupi kama wa mtoto wa chekechea, si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee. Nimesema ni mtoto."

"Shika hapo kwenye kiwiko. Kifuniko kimeshikana na mfupa. Huyu alikuwa amemaliza kukua mkono. Mtoto wako wa chekechea amemaliza?"

"Mzee, hiyo ni masomo ya ngumbaru." Watu wakacheka. Kwenye matanga yako, Jepkosgei, watu wakacheka.

"Ni ya ngumbaru," baba yako akasema, "na bado imekupita."

Polisi waliichukua mifupa na mazishi yakasimama. Daktari wa serikali hakuhitaji muda mrefu. Alitazama kiwiko, akatazama unene wa mfupa, akaandika: nyani aliyekaribia kukomaa. Tukakuzika pale pale walipopachagua wazee. Lakini karatasi ya daktari haina miguu, na uvumi una miguu na pikipiki. Kina mama waliokuwa wakinunua maziwa kwetu walianza kwenda kununua Free Area, mbali kote huko. Watoto wa jirani walikatazwa kupita langoni. Mama yako hakubishana na mtu. Aliwapa ndama maziwa yaliyobaki, na ndama hao wamenona kuliko wa mtaa mzima.

Wiki hii Mzee Hiram alikuja. Alisema ibada ya kumbukumbu yako itaongozwa vizuri na mtaa wote utakuja, ila kwanza mifupa iliyobaki ardhini ifukuliwe, ichomwe mbele ya watu, na shamba liombewe utakaso.

"Sisemi yale maneno ni kweli," alisema. "Nasema tufunge midomo ya watu."

"Tukichoma tumekiri, Hiram."

"Aa, Kipngeno! Unakatalia nini? Ni mifupa ya nyani tu."

"Mwaka jana ilikuwa ya watoto. Leo ni ya nyani tu?"

Hiram aliweka kikombe chini. "Wazee wanataka jibu la maandishi," alisema, akachukua kofia yake.

Tunakiri kwamba jambo hili lilitukosesha usingizi. Tukikubali, kina mama watarudi na mitungi yao, na watoto watapita tena wakiimba. Tukikubali, pia, kila mtu atakayeona ule moshi atawasimulia wajukuu wake kwamba palikuwa na kitu cha kuchoma. Ndugu yako Kipkoech alisema tuchome usiku tu, kimyakimya, yaishe. Dada yako Jepkoech alimuuliza kama angekubali wachome vyeti vyake vya shule kwa sababu jirani haelewi yaliyoandikwa ndani. Kipkoech akaomba kalamu.

Basi msimamo wetu ni huu, na tunautangaza hapa ili asije mtu akasema hakuambiwa. Mifupa itakaa ilipo mpaka wenzako wa chuo kikuu waje kuifukua kwa utaratibu wako. Kaburi lako halitahama wala kutakaswa, kwa kuwa hakuna uchafu ulioingia humo. Ibada itafanyika Jumamosi, mtaa uje au usije. Akija mtu mmoja, atapata chai. Wakija wote, tutaongeza maji. Bethwel pia amealikwa, na ataonyeshwa kiwiko tena, taratibu.

Maadamu mmoja wetu anaweza kutaja jina, lako litatajwa katika nyumba hii, tena kwa sauti, madirisha yakiwa wazi. Wanaokushikilia moyoni ndio hao hao waliotia sahihi jibu la wazee: baba yako Kipngeno, mama yako Jepkemboi, ndugu yako Kipkoech na dada yako Jepkoech. Mzee Hemed naye alipanda kutoka mjini akaweka yake pembeni, akisema mteja kama wewe hapatikani tena.

Baba yako alitaka kuisoma barua mara moja zaidi. Ule uvumi alikuwa ameuita "uongo," na alikuwa akifikiria kama "kutoelewana" halingefaa zaidi kwa watu wa rika lake. Mama yako akamnyang'anya.

"Ukiisoma tena utaipunguza makali."

Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa kiganja juu ya meza mpaka ikashika. Oduor alikuwa langoni, pikipiki inanguruma.

"Mpe Hiram mkononi," akamwambia. "Usingoje jibu."