Wa Kipoyi na wa Miguu

Jumatatu, 4 juni 1956. Kabambare

Mutoto mwanamuke, asubuhi kabla ya misa. Mama yake alikuja jana kwa miguu, kikapo cha mihogo kichwani, anacheka na kila mutu. Amezaa bila kuniita mara mbili. Nimechemsha mikasi, nimefua nguo. Kuni ni mbichi, moshi umenitoa machozi. Kazi ya kila siku.

Muchana Maseri aliniita. Ni yeye mutawa muzungu anayesimamia maternite yetu, nyumba ya kuzalia. Amesikia kwamba Alfonsi, karani wa chefu, ameandika barua ya kuomba maternite ifungwe. Itasomwa barazani Jumatano ya wiki ijayo, watu watie dole gumba, halafu ipewe Bwana wa teritware, muzungu wa serikali. Maseri anataka niandike jibu na nilisome mwenyewe. Kiswahili chake ni cha jikoni, na yeye anajua.

Sina hamu. Mimi mukunga, si wakili. Lakini mudogo wangu Anastazia yuko na mimba kubwa kule kwa mume wake, njia ya Wamaza. Mimba ya kwanza alishinda na uchungu nyumbani mpaka mutoto akatoka mufu, na damu ikamwagika karibu naye aende. Kama barua hii itaingia kwenye vichwa vya wakwe zake, hatakuja kuzalia hapa. Hilo ndilo linaniuma. Mengine yote ningemwachia Karani.

Jumanne, 5 juni

Karani amesoma barua yake sokoni, amesimama juu ya sanduku. Anajipenda yule mutu! Ila Kiswahili chake kizuri, siwezi kumunyima.

Anasema: wanawake waliozalia nyumbani, waangalieni, wako hai, wanapika, wanalima. Waliokufa na uchungu, karibu wote wamekufia maternite. Kwa hiyo maternite inaua. Watu wakaitikia kama kanisani. Tena anasema zamani hatukusikia vifo hivi, nyumba ile imejengwa, ndipo tukavisikia. Na machefu wote wamekubali, sasa nani atabisha? Tuchague, desturi yetu ao wazungu, katikati hakuna.

Mwisho akanifikia mimi. Mukunga mwenyewe ni mutu wa Kasongo, hana mutoto hata mumoja. Asiyezaa atazalisha nini?

Watu waligeuka kuniangalia. Nilikuwa ninapimiwa mawese. Nikaendelea kupimiwa mawese.

Sasa niko nyumbani na hasira imeshuka kidogo. Kama sikuzaa, mikono yangu imepungukiwa nini? Kinyozi wa hapa ana upara na watu wanapanga musitari kwake. Hilo la Karani ni tusi tu, halisemi kitu juu ya maternite. Najua. Bado linauma.

Alhamisi, 7 juni

Nimekwenda kwa Anastazia. Miguu yake imevimba, yangu pia kwa kutembea. Ana hofu. Anasaga dagaa, ananiangalia, anasaga.

Piusi, mume wake, ni mutu mupole, lakini nyumba ile inaongozwa na mama yake. Barua imekwisha kufika kabla yangu. Yule mama hakunitukana. Alinipa kiti, alinipa maji. Halafu akasema: "Mama Veronika, kwenu kule wanawake wanaingia kwa mabega ya watu na wanatoka kwa mabega ya watu. Nimeona kwa macho yangu. Anastazia atazalia hapa."

Nilisema maneno mengi, yote ya haraka. Anastazia alinisindikiza mpaka kwenye migomba. Mimi dada yake mukubwa, ananiita yaya. "Yaya, wewe sema nao vizuri barazani." Nikamwahidi. Nimeahidi kitu ambacho sijui kukifanya.

Ijumaa, 8 juni

Nimeandika jibu. Nimelisoma tena. Aibu.

Nimeandika kwamba Karani ni mulevi. Ni kweli, malofu na yeye ni ndugu. Lakini mulevi anaweza kusema mvua inanyesha na ikawa inanyesha. Nimefuta. Nimeandika kwamba Maseri amesoma Ulaya, kwa hiyo hawezi kukosea. Ebo! Maseri mpaka leo anakosea njia ya kwenda sokoni. Nimefuta. Nimeandika kwamba Kasongo nzima wanazalia maternite. Kasongo nzima wanavaa pia viatu vya kubana siku ya sikukuu. Nimefuta. Halafu kwamba maternite ikifungwa wanawake wote watakufa, mashamba yatakuwa pori na Kabambare itaisha. Hapo nilicheka mwenyewe.

Ni barua ya Karani ile ile. Nimeivalisha nguo zangu tu.

Baadaye. Nimewakumbuka waliokufa kwetu, mumoja mumoja, sura zao. Wote waliletwa kwa kipoyi. Maana yake walianza nyumbani, ikashindikana, ndipo wanaume wakakata miti, wakafunga kitanda, wakawabeba. Aliyekuja kwa miguu yake akafa, simukumbuki hata mumoja. Wanaozaa vizuri nyumbani sisi hatuwaoni. Tunaletewa walioshindikana. Nyumba inayopokea walioshindikana lazima itazika. Kwa hesabu ya Karani hata kipoyi kinaua, kwa sababu kila aliyekufa alikipanda.

Nilifurahi, nikapiga meza. Halafu furaha ikapungua. Wa miguu wanapona, ndiyo, lakini wa miguu walikuja wazima. Labda wangezaa salama hata shambani. Siwezi kuwachukua kama ushindi wangu. Ninachoweza kusema ni kidogo sana: linganisha wa kipoyi na wenzao walioshindikana wakabaki nyumbani. Na hao Karani hakuwaandika. Wako chini ya udongo, hawaonekani sokoni.

Siku ya Mungu, 10 juni

Fatuma amekufa. Binti kijana, wa kijiji kile kile cha Piusi, mutoto wa dada yake yule mama mukwe. Alikuwa na uchungu tangu Ijumaa. Nyumbani. Hakuletwa. Walisikia barua ya Karani, wakaogopa.

Maseri alinishika mukono mbele ya kanisa. Andika hii, anasema, Mungu ametupa mufano. Katekista pia. Andika: alikataa maternite, akafa. Wataelewa wote.

Wataelewa, ndiyo. Watapiga kelele, wanawake watalia, Karani atashuka kwenye sanduku lake. Na Anastazia ataletwa kabla ya wiki kwisha.

Lakini sikumuona Fatuma. Sijui amekufa na nini. Labda ningeshindwa pia. Na kama kifo kimoja nyumbani kinatosha kuhukumu nyumba zote, basi kifo kimoja kwetu kinatosha kutuhukumu sisi, na Karani ana haki.

Ninataka kuandika. Niseme ukweli: ninataka sana. Ni mudogo wangu.

Jumatatu, 11 juni

Nimeandika na Fatuma ndani. Ilikuwa nzuri. Ilinitoa machozi mimi mwenyewe niliyeitunga. Hapo ndipo nilipoogopa, maana nilikuwa ninalia kwa ajili ya binti ambaye sijui alikufa na nini, na nilikuwa ninachagua neno litakaloliza watu zaidi.

Imekwenda motoni. Nimeandika ingine, fupi, bila yeye.

Maseri hakufurahi. Amesema nina kiburi. Inawezekana. Anastazia akifa nitajichukia mpaka kaburini, na sitamwambia mutu.

Jumatano, 13 juni

Baraza. Jua kali, watu wengi. Bwana wa teritware kwenye kiti, anapepea kofia. Karani alisoma kwanza. Alipigiwa makofi.

Mimi nilisoma kwa sauti ndogo, wakasema paza, nikapaza. Nilisema: Karani amehesabu wazima wa nyumbani na wafu wa maternite. Nani amehesabu wafu wa nyumbani? Nilisema kuhusu kipoyi. Hapo wengine walicheka vizuri, na muzee mumoja akasema kwa nguvu, "Ni kweli, wazima hatuwabebi!" Nilisema pia kwamba si kila atakayekuja kwetu atapona. Nikasema sina neno juu ya marehemu Fatuma kwa sababu sikuwa pale.

Maseri alifunga macho.

Karani akasimama haraka. Mumesikia! Yeye mwenyewe hawezi kusema nyumbani kunaua! Makofi tena. Watu wengi wametia dole kwenye barua yake. Nilisimama pale na karatasi yangu, ninajiona mujinga.

Bwana wa teritware amesema barua ameipokea, ataangalia baada ya kiangazi. Maana yake hakuna kitu, wala kwa Karani wala kwetu. Piusi na mama yake walikuwa nyuma, na kitambaa cha matanga. Waliondoka bila kunisalimia.

Jumamosi, 16 juni

Hakuna aliyekuja wiki hii. Wala kwa miguu wala kwa kipoyi. Nimepaka chokaa ukuta.

Alhamisi, 21 juni

Mapacha. Wazima. Sina habari za Anastazia.

Jumatano, 27 juni

Piusi amefika na kinga, baiskeli yake, jasho mpaka kwenye viatu. Uchungu umeanza. Nikauliza kipoyi kiko wapi. Hakuna kipoyi.

"Shemeji, mama amesema wewe ndiwe uje."

Nilimuuliza mara mbili, akarudia. Mama yake amesema hivi: yule hakumuuza Fatuma wangu mbele ya watu, na angeweza. Aje. Lakini kwenye ile nyumba ya vifo Anastazia haendi.

Kwa hiyo barua yangu haikumubadilisha wazo hata kidogo. Ni kile nilichoacha kuandika. Sijui nicheke ao nifanye nini. Maseri amenipa sindano, pamba, mikasi, na baraka. Ninaandika hii wakati Piusi anajaza upepo kwenye pneu ya kinga.

Ijumaa, 29 juni. Nyumbani kwa Piusi

Mutoto mwanaume. Alizaliwa jana, jua likiwa juu. Alitoka analia, mama mukwe akapiga vigelegele, mimi nikaanza kutabasamu. Halafu damu.

Nyingi. Kama ile ya kwanza, Anastazia mwenyewe aliijua, aliniangalia akasema, "Yaya, ni ile." Nilipiga sindano. Nilikandamiza tumbo kwa ngumi, mukono mumoja juu na mumoja ndani, mpaka mabega yalikufa ganzi. Mama mukwe alishika miguu, hakuuliza kitu. Mudomo wa Anastazia ulikuwa mweupe. Nilimutukana asilale. Nilimutukana matusi ya utotoni, yale ya kwetu Kasongo, na alicheka kidogo, akasema nimekuwa muzee.

Damu ikasimama.

Leo amekunywa uji, amenyonyesha. Nimekaa mulangoni ninaandika kwenye goti.

Ninataka kuandika kwamba nimemuokoa. Nimeangalia hilo neno. Nilipiga sindano, halafu damu ikasimama. Hoja hii imejengwa kama ile ya Karani: nyumba ikajengwa, halafu vifo vikaja. Siwezi kuthibitisha. Damu nyingine inasimama yenyewe. Lakini nilikuwa na tumbo lake chini ya ngumi na nililisikia linakaza, kidogo kidogo, kila nilipokandamiza. Wengine pia nimewasikia hivyo hivyo, wengi, na wengine nikawapoteza mikono ikiwa mahali pale pale. Barazani nisingesema zaidi ya hapo. Hapa nitasema: nimemuokoa. Hakuna anayesoma.

Jumatatu, 2 julai. Kabambare

Nimerudi jana, taratibu. Leo soko.

Karani alinikuta kwa wauza samaki. Alikuwa na watu wake wawili watatu. Amesikia Anastazia amezaa muzima, mama na mutoto. Akauliza kwa sauti ya baraza: "Mama Veronika, mudogo wako amezalia wapi?"

Ningeweza kusema mengi. Kwamba maternite ilikwenda kwake juu ya kinga. Kwamba aje nimuonyeshe shuka.

"Nyumbani," nilisema.

Alifurahi mpaka akanisikitikia. Aliwaambia wenzake mumesikia, mumoja tena, na atamwandika. Amwandike. Yuko hai, na kwenye hesabu yake atakuwa upande anaoutaka yeye. Nilitegemea hasira, haikuja. Nilikuwa na usingizi tu.

Mama mukwe amemutuma mutu na habari: mutoto ananyonya sana, usiku hawalali, Anastazia ameanza kulalamika juu ya chumvi kwenye mboga. Akianza kulalamika amepona.

Nimenunua samaki wawili, wakavu. Mumoja nitamupelekea mudogo wangu.